Herufi kubwa na kazi yake

Msomaji, herufi kubwa ni kama kilemba: humpendeza anayestahili, lakini kijiji kizima kikivaa vilemba, mgeni hamtambui mzee.

Wazee waliotuachia tenzi katika hati za Kiarabu hawakusumbuliwa na jambo hili, maana hati zile hazina herufi kubwa wala ndogo. Swali lilikuja pamoja na herufi za Kirumi. Leo, tunapoandika kichwa cha maneno, tunazo njia tatu. Ya kwanza ni kukuza herufi zote. Ya pili ni kukuza mwanzo wa kila neno kuu na kuyaacha madogo kama “wa” na “na”. Ndivyo itajwavyo riwaya ya Muhammed Said Abdulla ya mwaka 1960, Mzimu wa Watu wa Kale. Ya tatu ni kukuza neno la kwanza na majina ya pekee tu.

Ipi bora? Tuzipime kwa mfano. Mwanafunzi wa Bukura, katika Kakamega, ameipa insha yake kichwa “SAFARI YA AMANI”. Je, Amani ni mtoto aliyefunga safari, au ni utulivu utafutwao na wanadamu? Hatujui. Akifuata njia ya pili, “Safari ya Amani”, bado hatujui. Njia ya tatu peke yake hututoa gizani: “Safari ya amani” ni ya utulivu, “Safari ya Amani” ni ya mtoto. Nalo jina la Bukura halipotezi kitu, kwani katika njia hii hulinda herufi yake kubwa po pote liwapo.

Pengine utasema kwamba sarufi yetu yatosha. Mara nyingine ni kweli: “Amani amerudi” ni mtu, na “Amani imerudi” ni utulivu. Lakini katika mfano wetu neno “ya” lakubaliana na safari, si na Amani. Hapo herufi ndiyo shahidi wa pekee.

Sisemi njia ya pili itupwe. Juu ya jalada la kitabu ina fahari yake. Ninachokilaumu ni kuchanganya njia mbili katika ukurasa mmoja, hata msomaji akadhani tofauti ile ina maana, akaitafuta asiione. Basi, kwa vichwa vya insha na vifungu vyake, shika njia ya tatu, wala usiiache kabla ya nukta ya mwisho.