Miraba Midogo ya Moyo

Mgonjwa wa malaria hatulii. Anatetemeka, na mtetemo wa misuli huingia kwenye karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ukaharibu mstari wote. Mpimaji anayeijua kazi hamkemei. Humfunika shuka, husubiri, huku akipasha viganja vyake moto. Kisha vidole vinashuka taratibu kando ya mfupa wa kidari, vikihesabu nafasi kati ya mbavu: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kibandiko cha kwanza cha kifuani hukaa kwenye ya nne, upande wa kulia. Kikipanda juu, karatasi inaweza kuonyesha ugonjwa usiokuwapo.

Wilayani Bagamoyo, watafiti walitumia kipimo hiki kujua kama dawa mseto ya malaria, tuliyozoea kuinywa siku 3, ni salama kwa moyo ikinywewa siku 6 pamoja na dozi moja ndogo ya primakwini, dawa nyingine ya malaria. Hofu yao ilikuwa na msingi. Lumefantrini iliyomo kwenye mseto ina undugu na halofantrini, dawa iliyokuja kujulikana kwa kuvuruga mapigo.

Katika chembe ya msuli wa moyo, sodiamu huingia, kalisi hufuata, kisha potasiamu hutoka ili chembe itulie. Halofantrini huziba milango ya potasiamu, utulivu ukachelewa.

Kuchelewa huko hupimwa kwa macho na rula. Mraba mdogo ni milimita 1, yaani sekunde 0.04. Unatafuta wimbi la T, linaloonyesha chembe zikitulia, linapomalizikia, nalo hurudi kwenye mstari kwa kunyata. Na kuna homa. Ikipanda, moyo hukimbia na kipindi cha tangu pigo linapoanza hadi T inapoishia hufupika. Ikishuka, hurefuka chenyewe. Asiyepiga hesabu ya mwendo wa moyo ataisingizia dawa. Hapa nawapa heko watafiti wa Bagamoyo, waliopiga hesabu hiyo.

Ripoti yao ilitoka mwaka 2020: siku 6 za dawa mseto hazikuonyesha hatari kubwa kwa moyo wa wagonjwa wale.

Ukilazwa kupimwa ECG, usiongee wala usijinyooshe. Tulia, umsaidie mwenye rula.