Mila Iliyopewa Namba

Wanasheria wetu hutuambia kwamba nchi hii hufuata sheria ya Kiingereza: jaji hutazama kesi zilizotangulia, na hukumu ya mahakama ya juu huwa sheria. Tuliipokea tarehe 22 Julai, 1920. Ulaya bara mambo ni tofauti. Austria, kwa mfano, tangu 1811 sheria yao ya raia imo kitabuni, kifungu baada ya kifungu, na jaji huanzia hapo. Nami nisomapo Sheria za Mila zilizotangazwa mwaka 1963, naona mkono wa hao wa pili.

Kazi ya kuziunganisha, iliyoanza 1961, ilikabidhiwa Hans Cory, mzaliwa wa Vienna, aliyefariki 1962. Sisemi kwamba alituletea Austria mfukoni. Serikali ndiyo iliyotaka sheria moja kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, na nia ilikuwa njema. Lakini yale ambayo wazee waliyajadili barazani, kila shauri kwa hali yake, yalipewa namba.

Kanuni ya 20 ya urithi yasema mwanamke aweza kurithi, ila ardhi ya ukoo ataitumia tu, haiuzi, isipokuwa ukoo umekosa mwanamume. Kwa mtu wa migomba kule Bukoba, ardhi ya ukoo ni jambo moja. Huku Ugogo, alikoandika Peter Rigby kitabu chake cha 1969, mali ilikuwa ng'ombe, na kaya zilihama ukame ulipozidi. Orodha moja itayabebaje yote mawili?

Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, aliamua kwamba binti aweza kuuza ardhi aliyorithi kama mwanamume, kwa kuwa Katiba yakataza ubaguzi. Hapo sheria ya Kiingereza ilionyesha uhai wake. Lakini mwaka 2006 Mahakama Kuu iliwaambia wajane wawili wa Shinyanga kwamba ubaguzi upo, ila si kazi yake kubadili mila. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake iliona Tanzania imewakosea.

Nionavyo mimi, tumeokota udhaifu wa pande zote mbili: kitabu kisichosahihishwa kwa wakati, na jaji anayeogopa kukigusa. Mwenye kitabu hukisahihisha bungeni. Bunge letu, ndugu msomaji, liko hapa hapa Dodoma, na mjane aliyefukuzwa nyumbani hawezi kungoja mila ijirekebishe yenyewe.