Ruzuku, Shughuli na Umma: Uhakiki wa Tafsiri ya Tangazo Moja

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki tafsiri ya maneno machache yanayopatikana katika matangazo ya fedha ndogo zinazotolewa kwa ajili ya kuzifikisha sayansi za jamii kwa wananchi. Msomaji aweza kuuliza kwa nini tushughulike na tangazo la mistari mitatu, ilhali sheria, mikataba na vitabu vya kiada vinangojea kutafsiriwa. Jibu letu ni kwamba tangazo hilo ndilo humfanya mwalimu wa wilayani au mkutubi wa mjini ajione anahusika au hahusiki. Akilisoma na kuliweka kando kwa kudhani si lake, fedha zitakwenda kwa wale wale walioweza kulisoma kwa Kiingereza, na tafsiri itakuwa haikufanya kazi yoyote.

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe. Mfano ulio wazi unatoka Uingereza. Mwaka 2003 Baraza la Utafiti wa Uchumi na Jamii la nchi hiyo lilianzisha tamasha la sayansi za jamii linalofanyika kila mwaka. Watafiti huomba fedha, nao huandaa midahalo, maonyesho, matembezi ya mitaani, michezo ya kuigiza na mazungumzo na vijana wa shule, ambayo watu huhudhuria bila kiingilio. Kiasi kinachotolewa si kikubwa. Katika baadhi ya miaka hakikuzidi pauni 1,000 kwa shughuli moja. Hizo si fedha za kufanyia utafiti. Ni za kukodi ukumbi, kuchapisha vijitabu na kuwapatia watu chai, ili utafiti uliokwisha kufanywa kwa kodi za wananchi urudi kwa wananchi hao na kuhojiwa nao.

Tuseme sasa kwamba tangazo la namna hiyo limetakiwa litolewe kwa Kiswahili. Ili tusimwonee mfasiri yeyote, tumelitunga wenyewe, lakini kila neno lililomo tumekwisha liona likitumika katika maandishi ya kiofisi: "Baraza linatangaza msaada mdogo wa fedha kwa ajili ya matukio ya umma yenye lengo la kuhamasisha wananchi kuhusu masomo ya ustawi wa jamii."

Sentensi hii haina kosa la sarufi. Hata hivyo, twadai kwamba imepotoka mara nne, na kila mara imempotosha msomaji katika jambo analotakiwa kulitenda.

Msaada, ufadhili au ruzuku?

Neno "msaada" ni pana mno. Kumsaidia mtu ni kumwondolea shida, naye hatakiwi kuonyesha stakabadhi. Fedha tunazozizungumzia huombwa kwa maandishi, hushindaniwa, hutumiwa kwa kazi iliyotajwa, na hatimaye hutolewa hesabu. Anayeambiwa ni msaada atakuwa na haki ya kushangaa siku atakapodaiwa risiti ya viti.

"Ufadhili" nao umezoeleka, hasa katika ufadhili wa masomo, lakini ndani yake imo fadhila, na fadhila humweka mpokeaji chini ya mfadhili. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba fadhila ya punda ni mateke. Maana yake ni kwamba afanyaye fadhila hutazamia shukrani. Mtafiti anayepewa fedha ya umma hadaiwi shukrani. Anadaiwa kazi na hesabu.

Sisi twapendelea "ruzuku". Asili yake ni Kiarabu, na kwa Waswahili ni riziki itolewayo na Mwenyezi Mungu kwa viumbe vyake. Katika lugha ya serikali imekwisha kupata maana ya fedha itolewayo na mamlaka bila kurudishwa: ruzuku ya mbolea, ruzuku ya shule, ruzuku ya vyama vya siasa. Tunakiri kwamba ruzuku hizo hutolewa kwa kanuni, si kwa kushindana, na kwamba msomaji aweza kudhani kila aombaye atapata. Dosari hiyo huondolewa kwa kitenzi. Tangazo likisema "linakaribisha maombi ya ruzuku", msomaji atafahamu kwamba kuna kuomba na kuna kukosa. Istilahi haifanyi kazi peke yake. Husaidiwa na maneno inayoandamana nayo.

Tukio au shughuli?

Kosa la pili ndilo lililoenea zaidi. Neno la Kiingereza "event" limefasiriwa "tukio" mahali pengi bila kujali muktadha. Katika Kiswahili, kutukia ni kutokea kwenyewe, mara nyingi bila kutazamiwa. Ajali ni tukio. Moto ni tukio. Polisi hufika katika eneo la tukio. Mtu haandai tukio, wala hakodi ukumbi kwa ajili yake. Atakayesikia kwamba maktaba ya mji imepata "tukio la umma" huenda akauliza kwanza kama kuna aliyeumia.

Yako maneno mengine, na kila moja lina mipaka yake. "Hafla" huleta picha ya waalikwa, kadi na meza kuu. "Tamasha" lafaa kwa mkusanyiko wa shughuli nyingi za siku kadhaa, kama lile la Uingereza tulilolitaja, lakini halifai kwa mazungumzo ya jioni moja ya watu 30. "Mhadhara" humpa mmoja haki ya kusema na wengine wajibu wa kusikiliza. "Baraza" ni neno zuri la pwani, lenye kukumbusha watu walioketi nje ya nyumba wakibadilishana habari. Kwa bahati mbaya, nchini Kenya baraza ni mkutano unaoitishwa na chifu, na katika tangazo letu neno hilo limekwisha chukuliwa na chombo kinachotoa fedha.

Kuhusu "mkutano wa hadhara", hatuna budi kutoa tahadhari maalumu. Neno hili limekuwa la siasa. Nchini Tanzania mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilizuiwa mwaka 2016, ikaruhusiwa tena Januari 2023. Katika miaka hiyo neno hilo lilihusishwa sana na siasa. Mwalimu atakayeandika kwamba ameomba fedha za mkutano wa hadhara huenda akajikuta anajieleza kwa maofisa ambao hawahusiki na elimu hata kidogo. Hapo tafsiri ya neno moja imemtia mtu katika usumbufu ambao tangazo la asili halikuukusudia.

Twapendekeza "shughuli ya hadhara" liwe jina la jumla. Tunajua kwamba pwani "shughuli" ni pia harusi, arobaini na mengineyo ya furaha na msiba. Hatuoni kwamba maana hiyo inaharibu; bali inafaa. Shughuli huandaliwa, ina mwenyewe, na wajao hawaji kutazama tu bali huchangia na kupika. Chini ya jina hilo la jumla, mwombaji ataje aina: mdahalo, maonyesho, igizo, matembezi.

Masomo, ustawi au sayansi?

"Ustawi wa jamii" ni kazi ya serikali ya kuwahudumia watoto, wazee na wenye shida, nayo ina maofisa wake. "Maendeleo ya jamii" vilevile ina maofisa wake. Barua yenye maneno hayo itapelekwa na karani mwaminifu kwenye meza isiyo yake, na karani huyo hatakuwa na kosa. "Maarifa ya jamii" limekuwa somo la shule ya msingi. Yote matatu yana neno "jamii", na hapo ndipo wafasiri wanapoteleza.

Wako wanaoliepuka neno "sayansi" kwa makusudi, wakisema kwamba sayansi ni ya maabara, na kwamba uchumi, elimujamii na siasa ni masomo tu. Hoja hii ina historia. Uingereza, baraza tulilolitaja liliundwa mwaka 1965 likiwa na neno "sayansi" katika jina lake: Baraza la Utafiti wa Sayansi za Jamii. Keith Joseph, aliyekuwa waziri wa elimu na sayansi tangu mwaka 1981, hakuamini kwamba elimu hizo zastahili kuitwa sayansi. Lord Rothschild alitakiwa alichunguze baraza hilo, na taarifa yake ya mwaka 1982 ilipendekeza lisivunjwe. Baraza likapona, lakini mwaka 1983 jina lilibadilishwa na neno "sayansi" likaondolewa. Tangu hapo ni Baraza la Utafiti wa Uchumi na Jamii. Ni jambo la kutafakari kwamba baraza hilo hilo, miaka 20 baadaye, liliurudisha usayansi kwa mlango wa uani, katika jina la tamasha lake.

Tunalitaja jambo hili ili mfasiri ajue kwamba anapoandika "masomo" mahali pa "sayansi" anaingia katika ugomvi wa watu, na anaamua upande mmoja bila kuulizwa. Kwetu hakuna sababu ya kuamua hivyo. Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, imetoa vibali vya utafiti kwa wachunguzi wa jamii kama kwa wachunguzi wa mimea. Ofisi zetu zimekwisha kulikubali neno. Tafsiri isirudi nyuma. Tuseme "sayansi za jamii", kwa wingi, maana ni nyingi na kila moja ina njia zake.

Kuhamasisha au kujadiliana?

Hapa tumefika kwenye kiini. "Kuhamasisha" ni kutia hamasa. Anayehamasisha anajua, anayehamasishwa hajui, au anajua lakini amezembea. Neno hili linafaa siku ya chanjo. Halifai pale ambapo mtafiti aliyechunguza bei za mazao anakwenda kuzungumza na wakulima, ambao wanazijua bei hizo kwa kuumia. "Kutangaza" ni dogo zaidi, kwani hufanya elimu iwe bidhaa.

Wengi wamekimbilia "kushirikisha". Ni afadhali, lakini tulitazame vizuri. Ni kitenzi cha kusababisha: yuko mwenye jambo, naye anamfanya mwingine awe na sehemu. Mwenye jambo bado ni ofisa. Kijiji kilichoitwa kusikiliza ripoti iliyokwisha chapishwa huandikwa katika taarifa kwamba "kimeshirikishwa", na neno halikanushi.

Sisi hatukuanza jana katika mambo haya. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya Watanzania wengi mno katika vikundi vya kusikiliza redio. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kisha kikajadiliana na kuamua kitakachofanywa kijijini pao. Kati ya mwaka 1975 na 1979, mradi wa Jipemoyo katika wilaya ya Bagamoyo uliwaweka watafiti wa Tanzania na Ufini pamoja na wanavijiji katika kuchunguza maisha ya wanavijiji hao. Hatusemi kwamba kazi hizo hazikuwa na kasoro; kampeni ilikuwa ya serikali, na mada ilichaguliwa juu. Lakini vitenzi vilivyohitajika kuzieleza vilikuwa vya kutendana: kujadiliana, kusikilizana, kuulizana. Lugha yetu ina kiambishi cha kazi hiyo, nacho ni kifupi kuliko istilahi yoyote ya kukopa.

Pendekezo

Kwa hiyo tungeliandika tangazo hivi: "Baraza linakaribisha maombi ya ruzuku ndogo kwa ajili ya shughuli za hadhara ambamo watafiti na wananchi watajadiliana kuhusu matokeo ya sayansi za jamii." Sentensi hii ni ndefu kidogo kuliko ile ya kwanza. Lakini mwalimu wa wilayani akiisoma atajua kwamba fedha huombwa, kwamba kazi huandaliwa, kwamba elimu inayohusika ni ipi, na kwamba wananchi hawakuitwa kupiga makofi.

Yaweza kupingwa kwamba tumemzidishia mtoa fedha nia njema. Kwamba huenda kweli alikusudia kuhamasisha, nasi tumemsemesha asilolisema. Pingamizi hili ni la haki. Mfasiri hana ruhusa ya kurekebisha nia ya mwandishi. Matangazo yakitaka watu wafundishwe, tafsiri iseme "kufundisha" bila haya, ili wananchi wajue wanachoitiwa. Tunalolikataa ni kuficha kufundishwa ndani ya neno la kushirikiana, au kupoteza kushirikiana ndani ya neno la kufundishwa.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali watupelekee matangazo ya namna hii kama yalivyochapishwa, mazuri na mabaya, pamoja na maelezo ya jinsi yalivyoeleweka na watu waliolengwa. Istilahi haithibitishwi na kikao peke yake. Huthibitishwa na mtu aliyesoma tangazo, akajua ni lake, akachukua kalamu.