Horrorshow: neno zuri lenye kitisho ndani

Wenzangu wanaosoma A Clockwork Orange ya Anthony Burgess huanza kulalamika tangu ukurasa wa kwanza: lugha gani hii? Aliyepata nakala yenye faharasa ya maneno mwishoni hugeuka mfalme wa bweni. Mimi nasema faharasa hiyo inapoteza watu, na ushahidi wangu ni neno moja tu, horrorshow.

Riwaya ilitoka mwaka 1962. Msimulizi, Alex, ana miaka 15 na genge lake huzungumza Nadsat, lugha aliyoibuni Burgess kwa kupachika maneno mengi ya Kirusi ndani ya sarufi ya Kiingereza. Jina lenyewe Nadsat limetokana na kiambishi cha Kirusi kinachoonekana katika tarakimu za 11 hadi 19. Yaani ni lugha ya vijana. Horrorshow nalo ni khorosho, "vizuri". Basi mwenye faharasa anaandika pembeni kwa penseli: "-zuri". Kwisha, anasonga mbele.

Kumbe Burgess hakuandika khorosho. Alilivika neno mavazi ya Kiingereza: horror ni kitisho, show ni onyesho. Alex anaposifia viatu vyake vya kupigia watu mateke, yeye anasema ni vizuri, sisi tunasoma kitisho. Yeye hasikii, sisi tunasikia.

Twende sehemu ya pili. Alex amefungwa, na serikali inataka kumfanya mtu mwema. Anadungwa sindano, anafungwa kwenye kiti, kope zinabanwa asiweze kufumba macho, anaonyeshwa filamu za ukatili mpaka mwili wake ushindwe kuuvumilia. Onyesho la kitisho, jamani! Neno alilokuwa akisifia nalo limekuwa tiba yake. Hata mhudumu mmoja wa pale analisema hilo waziwazi, ila neno lilikuwa limelibeba tangu mwanzo. Wale tuliozoea kutenga fani huku na maudhui kule, hapa tutapata taabu.

Rafiki yangu mmoja alinipinga: huo ni mchezo wa sauti tu, mbona moloko ni maziwa na hamna siri yoyote? Kweli, moloko ni maziwa, basi. Sidai kila neno lina mtego. Ila anayecheza na sauti bado anachagua, na katika kuandika "zuri" Burgess alichagua kitisho.

Mwenyewe hakutaka faharasa. Alitaka msomaji aingiwe na lugha hiyo polepole bila kujijua, karibu kama Alex anavyofanyiwa kitini. Huko Marekani ikawekwa hata hivyo, kazi ya mhakiki Stanley Edgar Hyman. Mimi niliponea bahati: nakala niliyoazima ilikuwa imechanwa kurasa za mwisho. Sikuwa nimefika mbali nilipojikuta nimesoma tukio la mtu kupigwa na kichwani mwangu nikasema, horrorshow. Nilikifunga kitabu kwa muda.