Sikio la masika

Masika yakishika kwetu Barani, Sabaki hugeuka rangi. Maji mekundu ya udongo wa bara humwagika baharini kaskazini mwa Malindi, kusi huanza kukaza, wenye mashua ndogo hukaa pwani, na njia ya Marafa huwa tope la kunasa pikipiki. Aprili na Mei 2018 mto ulifurika hata watu wengi wa Magarini wakahama makwao. Watalii wengi huwa wamekwenda zao. Wanaobaki wakiingia porini alfajiri, kanzu za plastiki mabegani na darubini zimefichwa kifuani zisilowe, ni waongozaji wa watazamaji ndege katika misitu ya Arabuko-Sokoke na Dakatcha.

Ufundi wao una mizizi mirefu. Katika vijiji vya Wagiriama mtoto alijua kumtegea kanga na kwale kwa tanzi, kupaka ulimbo kijitini, na kupiga mluzi hadi ndege ajilete mwenyewe. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mitego mingi imesahaulika, lakini kilichokuwa muhimu katika mitego hakikuwa kamba. Kilikuwa kujua ndege atapita wapi kabla hajapita. Hilo ndilo lililohamia kwa waongozaji, na ndilo ninalowasifia.

Mvua huwapa kitu na kuwanyang'anya kingine. Majani ya mti wa mrihi yakikauka hupasuka chini ya kiatu na kutangaza ujio wa mtu mbali sana. Yakilowa hunyamaza, na mwenye subira aweza kusogea karibu. Ila mvua ikishakatika, matone huendelea kuanguka muda mrefu kutoka tawi hadi tawi, na msitu mzima huwa kama unachakurwa. Mimi husikia fujo tupu. Wao husikia tofauti: tone lina mwendo mmoja, lakini ndege hupindua jani, hutulia, huruka kidogo, kisha hupindua jingine. Huo mtulio wa katikati ndio wanaousubiri.

Mtulio huo husubiriwa hasa kwa sababu masika huleta wageni. Pita wa Afrika, mwenye mgongo wa kijani, tumbo jekundu na madoa ya buluu bawani, hupanda kutoka kusini majira hayo, na vivyo hivyo kurumbiza wa madoadoa, ambaye kifua chake utadhani kimenyunyiziwa wino. Wote wawili hutafuta chakula chini, penye kivuli na majani yanayooza, na mahali pazuri pa kuwaona ni magofu ya Gede, chini ya miti mikubwa iliyoota baina ya kuta za mji wa kale. Ukiwafuata wanakimbia. Mwongozaji huchagua ukuta, akaegemea, akakaa. Nimewaona wakikaa hivyo huku maji yakiwatiririka shingoni, bila hata kuinua mkono kujipangusa.

Bundi mdogo wa Sokoke ana kazi nyingine. Sayansi ilimtambua miaka ya 1960 tu, ingawa wenyeji waliishi naye, na makao yake ni vichaka vilivyosongamana kwenye udongo mwekundu. Urefu wake haufiki sentimita 20. Usiku husikilizwa sauti yake, ambayo ni mluzi mfupi unaorudiwa bila haraka. Mchana hutafutwa alipojibanza, mara nyingi wawili wawili, kwenye tawi la chini kabisa. David Ngala ni miongoni mwa waongozaji wanaojulikana mbali kwa kumfahamu bundi huyu. Siku hizi wapo wanaomwita kwa sauti iliyorekodiwa simuni, na hapa nina msimamo: mluzi wa mdomo ni bora. Mdomo huchoka, nao ukichoka ndege hupata nafasi ya kupumzika. Simu haijui kunyamaza, na ndege anayedhani mpinzani amemvamia hupoteza usiku wake bure.

Lakini sifa kuu naiweka Dakatcha, ng'ambo ya Sabaki. Kuna mnana anayeitwa kwa jina la Clarke, ndege asiyepatikana popote duniani isipokuwa Kaunti ya Kilifi. Dume ni mweusi juu na manjano chini. Alielezwa kisayansi mwaka 1913, na kwa miaka mia moja hakuna mtaalamu aliyejua anajenga wapi. Alikuwa akionekana juu ya mirihi, akiandamana na ndege wengine wenye kelele. Waongozaji huzifuata kelele za wenzake ili kumpata yeye. Kisha hutoweka.

Jibu lilikuwa kwenye mafuriko. Machi 2013, Fleur Ng'weno wa Nature Kenya na wenyeji wa Dakatcha walikuta viota katika ziwa la msimu, bonde ambalo kiangazi ni nyasi kavu na mvua ikilijaza huota mimea ya majini jamii ya ndago. Minana walikuwa wamefuma viota vyao humo, juu ya maji. Ilibidi mvua inyeshe vya kutosha, bonde lijae, mimea isimame, na mtu awe pale wiki hizo hizo, wiki ambazo barabara haipitiki. Ndiyo sababu nasema wenyeji walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kulipata jambo hili kuliko mgeni yeyote mwenye gari zuri: wanajua bonde lipi hujaa kwanza, na wanafika kwa miguu.

Miti ya Dakatcha inakatwa kwa makaa na kusafishwa kwa mashamba ya mananasi. A Rocha Kenya na Nature Kenya zimenunua vipande vya ardhi kuvilinda, na ni jambo jema, lakini ua hauwezi kusema kama minana wamerudi. Lazima mtu aende akatazame. Mwaka ambao bonde halikujaa, naye akakuta maji ya kifundoni na ndege hakuna, taarifa hiyo nayo ni kazi kamili, sawa na ile ya mwaka wa viota, na alipwe vilevile.