Umri wa kanzu ya bibi: tuulize kitambaa, tusiulize sifa

Katika jamaa nyingi za Kasongo kuko sanduku ya bati, na ndani yake kuko kanzu ya pamba ya bibi. Siku ya sherehe inatolewa, watu wanaisifu, na mwenye kuieleza anasema: « Hii ni ya wakati ya Tippu Tip. » Hakuna anayeigeuza kutazama upande wa ndani. Sisi tunaona kama sifa hiyo, hata ikiwa ya nia njema, inamnyima bibi historia yake ya kweli.

Tuchukue kanzu moja tuliyoonyeshwa: pamba nyeupe yenye maua ya buluu, mikono mifupi, mgongoni zipu ya meno ya chuma. Tippu Tip alifika Kasongo miaka ya 1870, na mji ulitekwa na jeshi la Dhanis mwezi wa nne 1893. Wakati ule misafara ya pwani ilileta zaidi merikani na kaniki. Lakini zipu tunayoijua leo ilipata hati yake Marekani mwaka 1917, na katika kanzu za wanawake ilienea miaka ya 1930.

Mutu atasema: « Labda fundi aliiongeza nyuma. » Swali ni zuri, na jibu liko kwenye kitambaa. Zipu iliyobadilishwa inaacha matundu ya sindano ya zamani kando yake, na mara nyingi uzi wake si sawa na ule wa mishono mingine. Hapa tuliona mstari mmoja tu wa matundu. Mshono wa mashini peke yake hautoshi kuonyesha umri, kwa sababu mashini za kushona ziliuzwa tangu miaka ya 1850. Uzi unasema zaidi. Chomoa kipande kidogo ndani ya pindo, kichome mbali na kanzu: pamba inanuka kama karatasi na kuacha majivu laini, poliesta, iliyovumbuliwa Uingereza mwaka 1941, inayeyuka na kuwa tone gumu. Wetu ulikuwa pamba. Basi kanzu hii tunaiweka kati ya miaka ya 1930 na miaka ya uhuru.

Kwa kikwembe, soma maandishi ya ukingoni. Jina la Sotexki ya Kisangani haliwezi kuwa la mbele ya 1966, maana mji uliitwa Stanleyville. Neno « Zaïre » kama jina la inchi ni la kati ya 1971 na 1997.

Je, tumeishusha thamani? Hapana. Tangu 1917 serkali ya Wabeleji ililazimisha watu kulima pamba, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza. Bei haikupangwa na mlimaji. Aliyechelewa alijua fimbo na gereza. Pamba ilisafirishwa Ulaya, na vitambaa vilirudi dukani kuuzwa kwa wale wale waliolima. Mwanamke aliyenunua kanzu ya maua miaka ile aliinunua kwa jasho. Tukimpeleka kwa Tippu Tip, tunafuta jasho hilo.

Kosa la pili ni usafi unaoharibu ushahidi. Javeli inakula nyuzi, jua kali linafifisha maua, sashe ya plastiki inafungia unyevu, na kutu ya sanduku inatoboa kitambaa. Tunashauri hivi: funga kanzu ndani ya shuka nyeupe ya pamba iliyofuliwa vizuri bila wanga; uikunje kwa kuizungusha; naftalini isiiguse. Wakati ya kiangazi uifungue kivulini, utafute mchwa na wadudu, ubadilishe mikunjo. Weka pamoja karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi: ni ya nani, nani alishona, nani alieleza.

Na siku ya ngoma? Mpe fundi vipimo, ashone nyingine ya mfano ule, msichana acheze nayo. Ile ya bibi ibaki sandukuni, na atakayetaka kuiita ya wakati ya Waarabu atuonyeshe kwanza mshono wake.