Kirangozi Asiye na Jina: Tahakiki ya Kitabu cha Ruwenzori

Filippo De Filippi hakuwamo katika safari aliyoitungia kitabu. Ni vema msomaji alijue jambo hili tangu mwanzo, kwa kuwa kitabu chake, *Ruwenzori*, kilichotoka mwaka 1908, kimejaa mvua, matope na baridi hata mtu huapa kwamba mwandishi alilowa pamoja na wenziwe. Aliyelowa ni Luigi Amedeo, mwana wa ukoo wa kifalme wa Savoia, aliyepanda milima hiyo na msafara wake mwaka 1906 na kufika kilele cha Margherita tarehe 18 Juni. De Filippi alikabidhiwa kumbukumbu za safari, akazifanya kitabu.

Kitabu hiki hakikuwafikia walimu wa Juru kwa heshima yoyote. Sura tatu tulizitolea fotokopi mjini Mbarara, tukazisoma jioni tukiwa na haja ya kupata mifano ya masimulizi ya safari kwa wanafunzi wa sekondari. Nikaifasiri sehemu moja kwa Kiswahili darasani: watu wanapita bondeni, wanavuka kinamasi, wanalala chini ya mwamba, na kesho yake wanapanda tena. Mwanafunzi mmoja aliyetoka milima ya malisho ya Masisi akauliza: "Mwalimu, nani alikuwa anajua njia?" Nilipekua kurasa zangu mbele ya darasa zima, wala sikuwa na jibu.

Tukitendee haki kitabu kwanza. Uangalifu wake ni wa kupigiwa mfano. Mwandishi hatupi milima ya kiushairi iliyofunikwa ukungu kila ukurasa. Anapima, anataja urefu, anaeleza jinsi mimea inavyobadilika kadiri mtu anavyopanda, kutoka msituni hadi mianzi, kutoka mianzi hadi miti ya erika yenye ndevu za kijani, na juu ya hapo lobelia na senesio zilizosimama kama watu waliovaa makoti. Picha za Vittorio Sella zilizomo ni hazina. Theluji aliyoipiga picha mwaka 1906 ilikuwa imeenea, kwa makadirio ya wataalamu, kiasi cha kilomita za mraba 6.5, ilipofika mwaka 2003 haikubaki hata kilomita moja kamili. Bila ya Sella tusingejua tumepoteza nini. Mhakiki anayekitupa kitabu hiki kwa sababu tu ni cha mkoloni atakuwa ameutupa ushahidi pamoja na shahidi.

Walakini swali la mwanafunzi bado linadai. Tazameni majina. Kati ya vilele kuna vipito vya juu, ambavyo ndivyo moyo wa safari yote, maana bila ya kipito mlima ni ukuta. Kipito kimoja, mita 4,372 juu ya usawa wa bahari, kinaitwa Scott Elliot, kwa jina la mtaalamu wa mimea. Kingine, mita 4,282, kinaitwa Freshfield, kwa jina la mpanda milima aliyekuja mwaka 1905 akashindwa na mvua kabla ya kukifikia. Jina la kipito amepewa mtu ambaye kipito hakikupata kumwona! Hata viongozi wa Kizungu waliokodishwa kutoka milima ya Alps, yaani Joseph Petigax, César Ollier na Joseph Brocherel, wamehifadhiwa majina yao, na ni haki yao, maana walikata ngazi katika barafu kwa mikono yao. Lakini Wakonzo waliobeba mizigo mpaka kambi ya Bujongolo, na ambao wawindaji wao walikuwa wakilala chini ya miamba ya aina hiyo wakitafuta pimbi kabla ya Mzungu yeyote kufika, aghalabu hutajwa kwa kabila na kwa hesabu. Wako wangapi, wamebeba nini, wamelalamika au hawakulalamika.

Msomaji ataniambia kwamba hili ni kosa la siasa, si la sanaa. Sikubali. Ni kosa la sanaa pia. Masimulizi ya safari ya miguu husimama juu ya maamuzi: tupite kulia au kushoto, tungoje mvua ikatike au tuendelee, mto huu unavukika au hauvukiki. Anayefanya maamuzi hayo ndiye mhusika mkuu, apende mwandishi au asipende. Ukimnyima kinywa, masimulizi yanabaki na miguu inayotembea bila ya kichwa. Ndiyo maana sura za barafuni katika kitabu hiki, ambako Petigax na wenziwe wanaonekana wakiamua, zina uhai kupita sura za mabondeni, ambako kundi zima laonekana kusukumwa mbele na nguvu isiyojulikana.

Lugha yetu haikuwa maskini wa neno hapa. Misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilikuwa na kirangozi, mtu wa mbele, aliyejua njia, maji na kambi, na aliyeweza kuusimamisha msafara mzima. Ilikuwa na mpagazi, mnyapara na posho. Wanafunzi wetu hawayajui maneno haya, na vitabu vya darasani vinawapa "kiongozi" peke yake, neno ambalo leo limechukuliwa na waheshimiwa. Tena mapokeo ya kuandika safari kwa Kiswahili ni ya zamani kuliko kitabu cha De Filippi. Katika *Safari za Wasuaheli*, mkusanyo alioutoa Carl Velten mwaka 1901, yumo Selim bin Abakari, Mngazija aliyefuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller, hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Selim alikuwa mtumishi. Kwa kipimo cha De Filippi angekuwa hesabu tu. Kwa kuwa simulizi ni yake, mwenye kutazama akawa yeye, na Wazungu wakawa wenye kutazamwa. Laiti Mkonzo mmoja wa mwaka 1906 angepata nafasi kama hiyo.

Hapa nilikuwa nimekusudia kuimaliza tahakiki, na ingalikuwa tahakiki safi sana. Lakini mwaka jana niliipanda njia yenyewe, ile ya siku saba inayoanzia Nyakalengija na kuzunguka hadi kurudi hapo hapo. Kutoka Mbarara nilipita Bushenyi, nikashuka bonde la ufa, nikavuka mfereji wa Kazinga hadi Kasese. Siku ya tatu tulifika kinamasi cha Bigo. Siku hizi pametandikwa mbao sehemu kubwa, ila zipo sehemu ambako mtu hukanyaga mashungi ya nyasi yaliyoinuka kutoka matopeni. Kiongozi wetu aliniambia: "Kanyaga kichwa cha nyasi, usimwamini mguu wake." Nikaona nimepata sentensi ambayo De Filippi hana. Jioni, tukikausha soksi katika kibanda cha Bujuku, nilimwambia kwamba nitaiandika katika jarida la walimu, pamoja na jina lake kamili.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Ukiandika langu, mwalimu, uandike na ya wale kumi na mmoja."

Wale kumi na mmoja ni wapagazi waliotubebea chakula, kuni na mizigo yetu. Nilikuwa nimetembea nao siku tatu. Nilijua mmoja ana kikohozi, mwingine huimba akifika penye mteremko, na mwingine amevaa viatu vya mpira vilivyopasuka kisigino. Jina sikulijua hata moja. Nilikuwa na De Filippi mkobani, nimempigia mistari myekundu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimewahesabu.

Siku ya sita tulivuka kipito cha Freshfield na kuteremka hadi Bujongolo, kambi yenyewe ya mwaka 1906. Ni mwamba ulioinama tu, na chini yake pakavu. Wapagazi walikaa wakavuta pumzi wala hawakupatazama. Nami niliona haya kuwauliza majina mahali pale, kana kwamba nawaita gwaride.

Yapo mabadiliko, wala nisiyafiche. Kibanda kimoja katika bonde la Bujuku kinaitwa kwa jina la John Matte, Mkonzo wa Ibanda aliyewasimamia viongozi na wapagazi wa chama cha wapanda milima cha Uganda kwa miaka mingi. Ni kibanda, si kilele, lakini ni jina. Kwa upande mwingine, baadhi ya waandishi wetu wenyewe wamekimbilia kosa la pili: Mkonzo kwao ni mtu wa Kitasamba, roho wa thelujini, na hana neno jingine ila mizimu. Kitasamba yumo katika imani ya mahali, na apewe nafasi yake. Lakini kirangozi aliyenionya juu ya mguu wa nyasi alikuwa akizungumzia matope, na maarifa yake ya matope ni maarifa.

Niliporudi Juru niliwasimulia wanafunzi wangu yote haya, pamoja na aibu yangu. Yule wa Masisi akasema kwamba wao walivushwa milima usiku na mtu aliyelipwa na mjomba wake, akawatangulia hadi alfajiri, akarudi. Hawakumwuliza jina. Darasa likaanza kusimulia, na zamu haikuisha siku ile: karibu kila mmoja alikuwa na mtu wake wa mbele, na wawili tu ndio waliojua aliitwa nani. Insha zao ninazo, zimeandikwa kwa Kiswahili cha kila namna, cha Kivu, cha Bujumbura na cha hapa kambini, na katika nyingi ile nafasi ya jina wameiacha wazi kama nilivyowaagiza.

Mimi nami nimekuwa nikipiga simu Kasese. Katika wale kumi na mmoja nimekwisha kupata saba.